Kutengeneza tangi la dizeli la boti kwa gharama ndogo

Tangi la chuma likishatoboka chini, wengi hukimbilia kuliziba: kipande cha fiberglasi leo, gundi ya chuma kesho, na harufu ya dizeli haiishi. Chuma kilicholiwa na kutu hadi kikatoboka mahali pamoja kimeshakonda mahali pengine. Litoe tu. Kulibadilisha si lazima kuwe ghali, mradi ujue pesa iende wapi.

Mimi nafuata kanuni moja: bana matumizi kwenye tangi lenyewe, usibane kwenye vitu vinavyoungwa nalo. Tangi la plastiki lililokwisha kutumika, likiwa zima, hushika dizeli sawasawa na jipya lenye nembo ya kiwandani. Kinachoharibu safari ni mpira uliopasuka, njia ya hewa iliyoziba, au mkanda uliokatika wakati boti inakwenda mrama.

Maelezo haya ni ya dizeli peke yake. Dizeli ya kawaida haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali chini ya sifuri. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unashuka hadi ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kutulia humo, ukisubiri cheche ya swichi au ya pampu ya maji. Kama injini yako ni ya petroli, nunua tangi la kubebeka lililotengenezwa kwa kazi hiyo, liweke mahali pa wazi penye upepo, na usiendelee na mwongozo huu. Na kama boti yako hukaguliwa au ina bima, mwulize mkaguzi kabla hujakata chochote. Wengine hudai tangi lenye cheti cha ISO 21487, yaani kiwango cha kimataifa cha matangi ya mafuta ya boti, na hawatalipokea lako hata liwe zuri namna gani.

Hatua ya 1: Toa la zamani, ujue lilikufa kwa nini

Nyonya dizeli yote kwa pampu ya mkono, uitie kwenye madumu safi. Ikitulia siku moja utaona maji na uchafu vimejitenga chini, na dizeli ya juu utaweza kuitumia tena ukiichuja. Fungua mipira, ziba ncha zake kwa matambara, toa tangi.

Usilitupe bado. Lipindue ulitazame tumbo. Kutu ikiwa imeanzia nje, bila shaka tangi lililalia sponji, zulia au ubao ulioshika maji ya chumvi. Ikiwa imeanzia ndani, maji yalikuwa yakiingia na kukaa chini ya dizeli, kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Hili la pili lishughulikie mapema. Plastiki haishiki kutu, lakini maji yakiendelea kuingia, vijidudu vitazaliana pale dizeli inapokutana na maji, na utando wao mweusi utaziba filta mkiwa katikati ya maji. Chunguza mpira wa kifuniko cha kujazia na tundu la hewa. Mara nyingi maji hupitia mojawapo ya njia hizo.

Usilikate tangi la zamani kwa mashine ya cheche ili uone ndani, wala usilichomelee. Dizeli iliyobaki kwenye pembe ikipashwa moto hutoa mvuke, na mvuke uliofungiwa ndani ya bati hulipuka.

Hatua ya 2: Tengeneza tangi la kadibodi kwanza

Usipime nafasi kwa futi peke yake. Kata kadibodi, ibandike kwa gundi ya karatasi iwe sanduku lenye ukubwa wa tangi unalowazia, kisha jaribu kulipitisha mlangoni, chini ya sitaha, kando ya injini, hadi mahali pake. Ndipo utakapogundua kwamba nafasi inatosha lakini njia ya kufikia nafasi hiyo haitoshi. Sanduku likishakaa, weka alama ya pale mipira itakapotokea na pale mkono wako unapoweza kufika na spana. Acha sentimita 2 au 3 kila upande, maana polithini huvimba kidogo ikishakaa na mafuta. Tangi lililobanwa kwenye kona zote litajikunja.

Ujazo unaupata kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 40 kwa 30 ni lita 72. Usidanganyike na namba hiyo. Asilimia 5 ya juu ni ya hewa, kwa sababu dizeli ikipata joto hupanuka, kwa hiyo utajaza lita 68 hivi. Bomba la kunyonya likiishia sentimita 2.5 juu ya sakafu ya tangi, lita 6 za chini hazitafika kwenye injini kamwe. Umebaki na lita 62.

Je, zinatosha? Injini ya dizeli hutumia takribani lita 0.3 kwa kila kilowati inayotoa kwa saa moja. Injini ya kilowati 20 ikiendeshwa nusu nguvu itakula kama lita 3 kwa saa, na lita 62 zitakupa saa 20. Toa theluthi moja ya akiba kwa ajili ya mkondo na upepo wa mbele. Ukiona bado zinatosha, usitafute tangi kubwa zaidi. Dizeli inayokaa mwaka mzima bila kuisha huchakaa na kukusanya maji, na uzito wake ni farumi, mzigo wa kutuliza boti, usiyoihitaji.

Hatua ya 3: Kuchagua tangi

Ninalolipenda zaidi ni tangi la plastiki nene jeusi, la polithini nzito, lenye alama ya pembetatu na namba 2 au herufi HDPE. Weusi unasaidia kwa kuwa plastiki nyeupe hudhoofishwa na jua haraka. Bonyeza ukuta kwa kidole gumba: ukibonyea kirahisi, liache. Mimi sishuki chini ya milimita 5. Kama liliwahi kubeba kemikali usiyoijua, liache pia.

Tangi la alumini la lori ni zuri mno ukilipata la ukubwa unaofaa. Lina kuta za ndani za kuvunja mawimbi mara nyingi, na lina mdomo wa kutosha mkono. Adui wake ni maji ya chumvi yanayokaa kati yake na kitu kingine, basi likalie juu ya vipande vya mpira mgumu, lipate hewa pande zote. Tangi la plastiki la gari dogo ni rahisi kupatikana, lakini umbo lake limepindapinda kufuata tumbo la gari, na kulikalisha sawasawa juu ya mataruma (mbavu za boti) ni kazi kuliko kutengeneza jingine.

Vya kukataa: bati lililopakwa zinki ndani, kwa sababu zinki humenyuka na dizeli na kuacha uchafu unaokwenda hadi kwenye nozeli, mapipa yenye kutu hata kidogo, na tangi lolote lililowahi kubeba petroli.

Jambo moja kuhusu polithini limewasumbua wengi: haishiki gundi. Epoksi inaonekana imeshika, kisha inabanduka yote kwa pamoja kama ganda. Kwa hiyo viungo vyote vitakuwa vya boliti na gasketi, na vyote vitakuwa juu ya tangi. Usitoboe ubavu wala chini. Mpira wa juu ukivuja, unapoteza tone. Wa chini ukivuja, dizeli yote inahamia ngamani, na pampu inaimwaga baharini.

Hatua ya 4: Bamba la juu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe. Badala ya kutoboa plastiki matundu manne na kuhangaika na kila moja, toboa tundu moja kubwa na ulifunike kwa bamba la alumini lenye viungo vyote. Bamba likiwa na kasoro, unalitoa na kulirekebisha mezani. Plastiki ya tangi hutaigusa tena. Tundu hilo hilo litakuwa mlango wa kusafishia.

Kata bamba la mviringo lenye unene wa milimita 5 na kipenyo cha sentimita 18. Kata pia pete ya alumini ya unene huo huo, kipenyo cha nje 18, cha ndani 12. Pete hii itakaa ndani ya tangi, chini ya plastiki. Ibane pete na bamba pamoja, toboa matundu 10 kwa mzunguko, kisha yale ya pete yakatie hesi za boliti za milimita 6. Weka alama kwenye pete na bamba ili ujue vinavyoelekeana, kwa sababu matundu yaliyotobolewa kwa mkono hayafanani hata siku moja.

Kata tundu la sentimita 12 juu ya tangi, upande utakaokuwa karibu na tezi (nyuma ya boti), ambako dizeli hukusanyika boti ikiinua omo (mbele) kwa mwendo. Tumia msumeno wa meno makubwa kwa kasi ndogo. Ukienda kasi, plastiki inayeyuka na kufunga nyuma ya msumeno. Ondoa makombo yote ndani, pangusa kwa kitambaa, kisha rudia. Kombo moja lililobaki litaelea humo mpaka liipate njia ya bomba.

Sasa pete ya sentimita 18 itaingiaje kwenye tundu la 12? Ikate mahali pamoja, itanue kidogo kwa kupindisha ncha moja juu na nyingine chini, kisha izungushe ndani ya tundu kama unavyoingiza ufunguo kwenye pete yake. Ikishaingia yote, inyooshe kwa mkono. Ifunge uzi kabla, usije ukaidondosha ukaanza kuivua.

Gasketi iwe ya nitrili, mpira unaovumilia mafuta, ya milimita 3. Silikoni ya bomba haivumilii dizeli; huvimba na kulainika. Mpira wa EPDM, ule wa maji ya rejeta, nao huvimba. Ikiwa dizeli yako imechanganywa na kiasi kikubwa cha mafuta ya mimea, tafuta mpira wa aina ya FKM badala ya nitrili. Kwa kuwa boliti zinapenya hadi ndani ya tangi, chini ya kila kichwa weka washa yenye ukingo wa mpira wa nitrili. Kaza kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, raundi mbili au tatu, mpaka gasketi ionekane imebanwa sawa pande zote. Plastiki ikianza kubonyea umezidisha.

Hatua ya 5: Mabomba manne

Bamba litabeba bomba la kunyonya, la kurudishia na la hewa, pamoja na tundu dogo lenye kizibo la kijiti cha kupimia. La kujazia ni nene, na kama bamba halilitoshi lipe mdomo wa awali wa tangi.

Viungo vya bamba viwe vya chuma cha pua au alumini. Shaba nyeupe ikikaa moja kwa moja juu ya alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini italiwa. Kwenye hesi tumia dawa ya kuzibia inayovumilia mafuta. Utepe mweupe wa mafundi bomba uwaachie wenyewe. Vinyuzi vyake hukatika na kusafiri hadi kwenye pampu ya injini.

Bomba la kunyonya liwe na kipenyo kile kile kilichokuwepo, au kikubwa kidogo. Likate ncha kwa mshazari na liishie milimita 25 juu ya sakafu. Wapo wanaoweka chujio la wavu kwenye ncha hiyo. Sikubaliani nao. Wavu huo utaziba siku ya mawimbi, uchafu ukikorogeka, na uko mahali usipoweza kuufikia. Chujio liwe nje, mbele ya macho yako.

Bomba la kurudishia, ambalo injini nyingi za dizeli zinalo kwa ajili ya mafuta yanayozidi, liishie mbali na la kunyonya. Mafuta yanayorudi yana mapovu. Yakinyonywa tena injini itakohoa bila sababu inayoonekana.

Bomba la hewa ndilo watu hulidharau. Kila lita inayotoka lazima ipishwe na lita ya hewa, na wakati wa kujaza hewa inatoka kwa kasi ya pampu ya kituo. Tumia mpira wenye upana wa ndani wa milimita 14 au 16, upande juu bila kushuka popote. Ukilegea na kufanya tumbo, dizeli itakaa kwenye tumbo hilo na kuziba njia, halafu utaona mafuta yanaruka mdomoni wakati wa kujaza, au ukuta wa tangi unaingia ndani injini ikiwa inafanya kazi. Upandishe hadi karibu na sitaha, ufanye kitanzi cha juu, kisha ncha itokee nje ya boti ikitazama chini, mahali ambapo wimbi haliingii.

Mpira wa kujazia uwe wa milimita 38, ushuke moja kwa moja, na kila ncha ifungwe kwa klipu mbili za chuma cha pua. Mdomo wake uwe juu ya sitaha, ili dizeli ikimwagika isiingie ndani. Ukiwa wa chuma, uunganishe kwa waya wa shaba na mfumo wa ardhi wa boti, kwa sababu mafuta yanayotiririka huzalisha umeme.

Hatua ya 6: Jaribu kwa maji

Usitumie kompresa. Hewa iliyobanwa ndani ya tangi lenye kuta bapa ina nguvu ya kupasua, na geji ya kompresa haiwezi kusoma shinikizo dogo hivyo. Viwango vya boti hupima uvujaji kwa takribani kilopaskali 20, na shinikizo hilo ni sawa na mita 2 za maji. Basi jaza tangi maji hadi juu, ziba viungo vyote isipokuwa kimoja, unga hapo mpira unaoonyesha ndani, uusimamishe mita 2 juu ya tangi na uujaze. Zikingie kuta kwa mbao pande zote, la sivyo zitatuna. Weka alama kwenye usawa wa maji, subiri kama nusu saa.

Maji yakishuka, kausha tangi kwa nje na upitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi itakuonyesha kabla jicho halijaona. Ukimaliza, mwaga, fungua bamba, kausha ndani kabisa kwa kitambaa na upepo. Maji yaliyobaki kwenye pembe ndiyo mbegu ya ule utando mweusi.

Hatua ya 7: Kulifunga

Lita 68 za dizeli zina uzito wa kilo 57 hivi, na boti ikianguka kutoka juu ya wimbi uzito huo unajizidisha. Halafu mafuta hayatulii: yanakimbia kutoka upande hadi upande na kulipiga tangi kwa ndani. Tangi likizidi urefu wa sentimita 70 na halina kuta za kuvunja mawimbi, afadhali uweke mawili mafupi.

Tengeneza kitako cha plaiwudi ya baharini kilichofungwa kwenye mataruma, wala si kwenye ngozi ya boti. Tangi likalie vipande vya mpira mgumu vilivyogundishwa kwenye kitako, na katikati yake pawe na njia ya maji kupita. Usitandike zulia wala sponji. Ongeza kingo za mbao pande nne, za kulizuia lisiteleze, ukikumbuka ile nafasi ya kuvimba. Juu pitisha mikanda miwili ya chuma cha pua iliyovikwa mpira, au mikanda ya nailoni yenye boliti, isiyotegemea kufunguka kirahisi. Kisha lishike tangi kwa mikono miwili ulitikise kwa nguvu zako zote. Likisogea hata kidogo, hujamaliza.

Hatua ya 8: Mipira na filta

Hapa ndipo pesa uliyookoa iende. Nunua mpira wa mafuta ulioandikwa ISO 7840. Umejaribiwa kuhimili moto kwa dakika 2 na nusu, muda wa kutosha kuzima injini na kushika kizima moto. Ule mpira mwepesi unaoonyesha ndani, uliotumia kwenye jaribio la maji, hugeuka mgumu kama mfupa ukikaa na dizeli. Karibu na tangi weka koki ya kufungia inayofikika bila kuinama juu ya injini ya moto. Baada ya koki, filta yenye bakuli la kutenganisha maji. Tangi likiwa juu kuliko injini, ongeza valvu ya kuzuia mafuta kujivuta yenyewe mpira ukipasuka.

Hatua ya 9: Jaza na upime

Geji ya umeme inaweza kusubiri. Tumia kijiti kigumu kisichochipuka nyuzi, ukipitishe kwenye tundu lenye kizibo juu ya bamba. Boti ikiwa imetulia majini, mimina dizeli lita 5 kwa wakati, chomeka kijiti, kata mstari pale ulipolowa. Tangi lenye umbo lisilo la sanduku litakupa mistari isiyolingana umbali, na ndiyo faida ya njia hii. Ule mstari wa lita zisizofika kwenye bomba upake rangi nyekundu. Hapo ndipo sifuri yako.

Toa hewa kwenye filta na kwenye pampu ya injini, washa, iache iendeshe nusu saa ukiwa umefungwa gatini, tochi mkononi, ukipapasa kila kiungo. Baada ya saa chache za kwanza majini, fungua bakuli la filta uone kama kuna makombo ya plastiki au maji, kisha kaza upya boliti za bamba, kwa kuwa plastiki hulegea ikishabanwa. Kaza tena baada ya mwezi.